Haki ya Marehemu katika Sauti Yake

Katika maswali ambayo mauti huwaachia walio hai, yako yale makubwa waliyoyajadili maulamaa na wanafalsafa tangu dahari, ya roho inakokwenda na hesabu itakavyosomwa. Na liko jingine ambalo wazee wetu wa kale hawakulijua, kwa sababu chombo cha kulizusha kilikuwa bado hakijaundwa. Swali lenyewe ni hili: mtu akisha kufa, akazikwa, hitma yake ikasomwa au misa yake ikaadhimishwa, na sauti yake ikabaki duniani ikisema vilevile kama alivyokuwa akisema, je, sauti hiyo ni ya nani, na aliye hai ana wajibu gani kwayo? Babu zetu waliacha majina, visima, minazi, mashairi na madeni. Sauti zao walikwenda nazo.

Sauti za watu mashuhuri zilianza kuhifadhiwa mapema. Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay kuimbia santuri, naye akafariki mwaka 1950, na hata leo anayetaka kumsikia humsikia. Lakini mtu asiye na jina kubwa, fundi cherehani wa Tandika au muuza mihogo wa Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, alingoja mpaka kampuni ya Philips ilipoonyesha kaseti mjini Berlin mwaka 1963, kisha akangoja tena mpaka bei yake ishuke na chombo kimfikie uani kwake. Kilipofika hakikuuliza daraja ya mtu. Utepe wa plastiki usiofika milimita 4 kwa upana, uliopakwa unga wa kutu ya chuma, wenye urefu wa mita 90 hivi kwa kanda ya saa moja, ulipokea kwa usawa aya za Kurani na ugomvi wa jikoni, dua ya mzee na kilio cha mtoto mchanga. Na kila kilichoingia humo kikapata yamkini ya kuishi umri mrefu kuliko wa aliyekitamka.

Mjomba wangu mmoja, aliyekaa Temeke tangu ujana wake, alipofariki, ndugu walikutana kwa ajili ya mirathi, na kwa kuwa walikuwa watu wa dini wakafuata mpango kama sheria ilivyouamuru: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, na kilichosalia kikagawanywa kwa mafungu yake. Nyumba ilitajwa, cherehani ikatajwa, samadari ikatajwa, hata mabati machache yaliyoegemezwa ukutani yalitajwa. Sanduku la mbao lililokuwa juu ya kabati, limejaa kanda, halikutajwa na mtu wala hakuna aliyelitupia jicho. Nikaliomba, nikapewa kwa moyo mkunjufu, nikalichukua hadi kwangu Kinondoni. Hapo ndipo ilipoanza kunidhihirikia kwamba nimekabidhiwa amana nzito kuliko vyote vilivyogawanywa, kwani nyumba haiwezi kulirudia neno lililomponyoka mwenyewe alipokuwa kijana, wala samadari haiwezi kumtaja kwa jina mtu aliyekosana naye.

Ndani ya sanduku mlikuwa na maulidi ya Barzanji yaliyosomwa Mtoni, mawaidha ya Ramadhani ya masheikh wa Unguja na wa bara, juzuu za Kurani kwa sauti ya Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad wa Misri, harusi za jamaa, taarabu, na nyimbo za dansi zilizonaswa kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam, nyingine zikiwa zimekatishwa na ngoma ya Mzee Morris Nyunyusa iliyokuwa ikitangulia taarifa ya habari. Mlikuwa pia na kanda ya kwaya ya vijana wa AIC Chang'ombe, juu yake limeandikwa jina la jirani Mkristo aliyeiazimisha. Hiyo niliirejesha kwa watoto wake, maana kitu cha kuazima hakigeuki urithi kwa sababu ya kufa kwa aliyeazima. Vipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ambavyo mtu huvivunja ili kilichorekodiwa kisije kikafutwa kwa ghafula, vilikuwa vimevunjwa katika kanda nyingi; na katika baadhi ya hizo tundu zilizobaki zilikuwa zimezibwa upya kwa karatasi iliyokunjwa na kubandikwa gundi, ishara ya mtu aliyepata kuazimia kutunza, kisha akabadili nia. Joto na unyevu wa pwani vilikuwa vimeacha ukungu mweupe kwenye kingo za utepe, nami nilitafuta fundi wa redio kabla ya kuthubutu kuucheza, nikazungusha kila kanda kwa penseli taratibu, mbele na nyuma, ili utepe ulionata uachane.

Mashaka juu ya chombo kinachokumbuka badala ya mtu si mageni ulimwenguni. Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, alisimulia katika Phaedrus habari za mfalme wa Misri aliyeletewa maarifa ya kuandika kama zawadi, naye akayaonea shaka, akihofu kwamba watu watategemea alama za nje na kuacha kuzoeza kumbukumbu za ndani. Uislamu uliijibu hofu hiyo kwa vitendo. Kurani iliandikwa, na bado ikahifadhiwa vifuani. Na Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary alipokamilisha mwaka 1961 kuirekodi nzima huko Misri, kwa usomaji wa taratibu ulio wazi kwa kila mwanafunzi, madrasa hazikufungwa. Mpaka leo mtoto wa Temeke huketi mkekani mbele ya mwalimu wake, akasoma, akakosea, akasahihishwa, akasoma tena, kwa sababu elimu hiyo hupokewa kinywani mwa mtu aliyeipokea kinywani mwa mtu. Kanda husikika lakini haisikii. Humsomea mtoto, walakini haiwezi kumwambia kwamba amekosea.

Naye Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alipozama katika taamuli ya wakati katika kitabu chake cha maungamo, alifikia kwamba yaliyopita hayako mahali popote isipokuwa katika nafsi inayoyakumbuka. Mtu anaweza kudhani kwamba kaseti imemsuta Augustino, kwa kuwa haya hapa yaliyopita, yamo ndani ya kisanduku cha plastiki, na kwa kubonyeza kitufe hutoka. Mimi naona kaseti imemthibitisha. Nilipoicheza kanda ya maulidi ya Mtoni mbele ya vijana wa nyumbani, waliozaliwa baada ya wasomaji wake wengi kuzikwa, walisikia watu wasiowajua wakisoma kwa sauti iliyofifia, wakangoja kwa adabu iishe. Ilhali mama yangu mdogo, aliyekuwa ameketi barazani, alisikia kaka yake akipokea kiitikio, na jirani aliyekuwa na kikohozi, na mwanamke fulani aliyekuwa akipita na chetezo, na machozi yakamtoka. Mlio ulikuwa mmoja, ukaingia masikioni mwa wote kwa wakati mmoja. Lakini yaliyopita yalikuwa ndani ya mama mdogo peke yake, na kanda iliyaamsha tu. Akifa yeye, kanda ile itabaki na sauti, ila kumbukumbu itakuwa imekwenda, isipokuwa awe amekwisha kutusimulia.

Basi chombo hakikumbuki. Hutunza. Na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo inayonifanya nilichukulie swali hili kuwa la dini na maadili kabla halijawa la ufundi.

Katika kanda moja, iliyoandikwa kwa wino wa bluu kuwa ni mawaidha ya kufunga Ramadhani, sheikh alisema kwa utulivu mpaka karibu na mwisho wa upande wa kwanza, akaomba dua, watu wakaitikia amina. Kisha, baada ya ukimya mfupi, gitaa likalia ghafula, wimbo wa dansi ukiwa katikati ya beti, na juu yake sauti ya kijana akicheka na kuwataja rafiki zake kwa majina ya utani. Kijana huyo alikuwa mjomba. Palikuwa na zama aliipenda dansi kwa moyo wake wote, kisha akashika njia nyingine, naye alipokuwa akirekodi mawaidha juu ya muziki hakununua kanda mpya. Alijifuta mwenyewe, na mawaidha yakawa mafupi kuliko ujana wake kwa dakika chache, zikasalia mwishoni. Nilijiuliza ni yupi kati ya hao wawili niliyekabidhiwa, na kama ninayo ruhusa ya kumwonyesha kijana yule kwa wajukuu waliomjua mzee wa tasbihi tu.

Mtu mkubwa kuliko mjomba kwa sifa alipita njia inayofanana na hiyo. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kongo na kuhamia Sinza, mpaka mahali alipokaa pakaitwa kwa Remmy, aliimbia dansi miaka mingi, kisha mwishoni mwa maisha yake akaiacha na kuimba Injili, akafariki Desemba 2010. Kanda zake za zamani hazina habari za mageuzi hayo. Zikichezwa leo zitamtoa akiwa vilevile kama alivyokuwa siku aliposimama mbele ya kipaza sauti, kwa kuwa utepe haujui toba. Humkamata mtu katika saa moja ya umri wake na kumzuilia hapo, na anayetaka kumhukumu kwa saa hiyo atapata ushahidi usio na dosari, nao ushahidi huo utakuwa wa kweli, na hukumu itakayotokana nao inaweza kuwa dhuluma.

Dini zetu mbili kubwa hufundisha kwamba hakuna neno la binadamu linalopotea. Waislamu huamini kwamba kila tamko lina malaika wa kuliandika, na kwamba Siku ya Kiyama hata ngozi ya mtu itasema. Wakristo wamefundishwa kwamba hata neno lisilo na maana litatolewa hesabu. Mtu aliyekuwa akiyasikia haya kabla ya kaseti aliyaamini bila ya kuwa na mfano wa kuyakaribisha akilini, na yule aliyepata kuisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia hana tena sababu ya kustaajabu. Lakini mafundisho hayo hayakuishia hapo. Dini hizo hizo zinasema kwamba Mwenye kuhifadhi ndiye Mwenye kufuta, kwamba toba ya kweli huondoa kilichoandikwa, na kwamba anayemsitiri mwenziwe hapa duniani naye atasitiriwa huko aendako. Kuhifadhi bila ya kufuta kungekuwa ni hesabu tupu. Kufuta bila ya kuhifadhi kungekuwa ni kusahau tu. Na rehema imo katika kuyajua yote, kisha kuchagua yatakayosimama. Ikiwa hivyo ndivyo Mungu anavyowakumbuka waja wake, basi mwanadamu aliyekabidhiwa sauti ya mfu hana kiigizo kingine kilicho bora.

Jambo hili lilinifikia kwa uzito wake wote katika kanda iliyotoka Muscat. Zamani hizo, barua ilipokuwa ikikawia na simu ilikuwa ghali, jamaa waliohamia Ghuba walizoea kusema ndani ya kaseti na kumpa msafiri aipeleke nyumbani, naye aliyepelekewa husikiliza, akajibu kwa kanda nyingine. Kanda hii ilikuwa ya dada mkubwa wa mjomba, aliyefariki huko huko Omani. Ilianza kwa salamu ndefu, akiwataja jamaa mmoja mmoja na kuwauliza siha zao, akawaombea wazee waliotangulia. Kisha akanyamaza, mlango ukasikika ukifungwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba yatakayofuata ni ya kaka yake peke yake. Nikaizima. Mtu hugonga mlango na kubisha hodi, asipoitikiwa akarudi alikotoka. Na sauti ya marehemu ni nyumba iliyoachwa wazi, ambayo mwenyewe hawezi tena kusema karibu wala kusema rudi, kwa hiyo adabu yote iko juu ya anayeingia.

Nikampelekea mama mdogo, ambaye kati ya ndugu wa tumbo moja ndiye pekee aliye hai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeshika kitu kama umeshika yai?"

Nikamweleza. Akafikiri kitambo, akasema, "Aliyesema amekufa, na aliyeambiwa amekufa, lakini maneno bado yana wenyewe. Niachie mimi, nisikilize. Huenda ndani yake mna haki ya mtu, na haki ya mtu haifi kwa kufa watu."

Akaingia chumbani na redio, akafunga mlango. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika, akakaa bila ya kusema, kisha akaniambia kwamba humo hamna deni, wala wasia, wala habari ya mtoto au ya mali ya yatima. Mna maumivu ya ndugu wawili, na wote wawili wamekwenda wamekwisha kusameheana, yeye akiwa shahidi. Tukazinakili salamu na dua katika chombo cha kisasa ili watoto wa Muscat na wa Temeke wapate kumsikia bibi yao akiwataja. Kisha mama mdogo akairudisha kanda mahali mlango ulipofungwa, akatia karatasi katika tundu za mgongoni, akabonyeza kwa vidole viwili kitufe cha kurekodi pamoja na cha kuchezea, na sote tukakaa kimya mpaka upande ule ukaisha. Mimi sikujua kilichokuwa kikiondoka, na sijajua mpaka leo, nami naona kutojua huko ni sehemu ya heshima niliyopewa kumpa marehemu.

Najua kwamba kitendo hicho kina wa kukipinga, na hoja zao hazistahiki kupuuzwa. Mwanahistoria atasema kwamba maisha ya watu wadogo hayamo katika nyaraka za serikali, na kwamba kanda za namna hiyo, zilizobeba uchungu wa wahamaji na siri za nyumba, ndizo pekee zitakazowaeleza wajao jinsi watu walivyoishi. Mwanasheria naye atasema kwamba jina zuri la sitara limetumiwa mara nyingi kufunika dhuluma: ndugu wenye nguvu hufuta wasia, mume hufuta ahadi, mkubwa hufuta ushahidi wa mdogo, na wote hudai kwamba wanamhifadhia marehemu heshima yake. Hoja hii ya pili naikubali kwa moyo wangu wote, na kwa ajili yake nasema kwamba kabla ya kufuta lazima awepo asikilizaye, mwaminifu, aliye karibu kwa damu au kwa haki, asiye na faida katika kufuta. Na kwamba kila neno lenye haki ya mtu ndani yake, likiwa ni deni, wasia, talaka, nasaba au dhuluma isiyolipwa, halifutiki hata likiwa linamfedhehesha aliyelisema. Ama hoja ya kwanza, naijibu kwa kusema kwamba haja ya wajao ya kujua ni haja njema, lakini haiwezi kuwa kubwa kuliko ahadi aliyopewa mtu aliyefunga mlango kabla ya kusema.

Kwa upande wa sauti zilizotolewa kwa jamii, hukumu hugeuka. Mwimbaji aliyeimba redioni, sheikh aliyesema mimbarini na mchungaji aliyehubiri mkutanoni hawakufunga mlango. Walitaka kusikiwa, na kuziacha sauti zao ziharibike ni kuwanyima haki waliyoitaka waziwazi. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, mpaka vituo vya watu binafsi viliporuhusiwa katika miaka ya 1990, wanamuziki wetu kwa sehemu kubwa walirekodiwa mahali pamoja, katika studio za redio ya taifa zilizokuwa kwa muda mrefu Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Na mikanda hiyo, ambayo leo ni dhamana ya Shirika la Utangazaji Tanzania, imebeba kiasi cha urithi ambacho taifa haliwezi kukirekodi upya, kwa kuwa Mbaraka Mwinshehe alifariki tangu mwaka 1979 na Marijani Rajabu tangu mwaka 1995. Wataalamu wa hifadhi za sauti walipata kutahadharisha, pamoja na UNESCO, kwamba kuanzia karibu na mwaka 2025 ingekuwa shida kubwa kuzicheza kanda za sumaku popote duniani, kwa sababu mashine zake hazitengenezwi na mafundi wake wanapungua. Kila mwaka tarehe 27 Oktoba dunia huukumbuka urithi wa sauti na picha. Lakini sherehe ya siku moja haizuii ukungu, na kunakili kwa uaminifu ni jambo ambalo wachache wakilitenda huwaondolea wengi lawama, na wasipolitenda lawama ni ya wote.

Na hapo pia iko haki ya mtu. Kwa miaka mingi kanda za waimbaji zilinakiliwa na kuuzwa mitaani pasipo wao wala wajane wao kuona senti, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipotungwa mwaka 1999 wengi wa wenye sauti hizo walikuwa wamekwisha kuzikwa. Anayezinakili leo na kuzitangaza, awe ni taasisi au mtu mmoja, akisema kwamba anaokoa urithi, na awatafute kwanza warithi. Kwa maana haiwezekani kumheshimu marehemu katika sauti yake na kumdhulumu katika watoto wake.

Jibu langu kwa swali nililolianza, basi, ni kwamba sauti ya marehemu si mali ya aliyelipata sanduku, na kumkumbuka mtu kwa haki ni kumfanyia mambo mawili kwa wakati mmoja: kukihifadhi alichokitoa, na kukisitiri alichokifunga. Kijana aliyecheka mwishoni mwa mawaidha nimemwacha alipo. Sikumfuta, kwa kuwa mwenyewe alizijua dakika zile zimebaki na hakuziondoa, na wajukuu wakimsikia nitawaambia kwamba mtu huyu alipenda, akaacha, akarudi kwa Mola wake, na kwamba kicheko kile na dua ile vimetoka katika kifua kimoja. Hilo ndilo utepe usiloweza kulisema, na ndilo wajibu wa aliye hai kulisema.

Zama za kaseti zimepita, na haja ya kuyafikiri haya imezidi, kwa maana leo kila mwenye simu, akiwa Mbagala au Magomeni, hutuma sauti yake mara nyingi kwa siku, akicheka, akilaumu, akiomba radhi, na zote zinatunzwa mahali asipopajua. Ingefaa basi tunapoandika wasia, baada ya kutaja nyumba na deni, tutaje na sauti zetu: zipi ni za watoto, zipi ni za umma, zipi zifutwe bila ya kusikilizwa, na nani mwaminifu wa kuyatekeleza hayo. Atakayetangulia na awaachie wa nyuma yake ruhusa iliyo wazi. Na atakayebaki, akilikuta neno ambalo halikumkusudia, asimhukumu kwa hilo mtu asiyeweza tena kujieleza wala kuomba msamaha.